Lenzi ya Ndege kwa Mfuko wa Kawaida

Ukiingia duka la kamera, swali la kwanza utakaloulizwa ni una shilingi ngapi. Jibu lake liweke kando kwanza. Jiulize swali jingine: ndege ninaotaka kuwapiga picha huwa wananikaribia kiasi gani? Umbali huo ndio unaoamua lenzi, na mara nyingi utakuokolea fedha, kwa sababu wengi hununua urefu wasiouhitaji wakakosa kasi na wepesi wanaouhitaji kila siku.

Hesabu yake unaweza kuifanya kwa simu ukiwa umesimama dukani. Chukua urefu wa lenzi kwa milimita, zidisha kwa urefu wa ndege kwa mita, kisha gawanya kwa umbali kwa mita. Unachopata ni urefu wa taswira ya ndege juu ya sensa ya kamera, kwa milimita. Tuseme chozi wa sentimita 12 amekuja kwenye ua la mgomba, nawe uko mita 6. Lenzi ya milimita 300 inakupa 300 mara 0.12 gawanya kwa 6, yaani milimita 6. Lenzi ya 400 inakupa 8. Ya 600 inakupa 12. Kamera nyingi za bei nafuu zina sensa ya ukubwa unaoitwa APS-C, yenye upana wa milimita 22 hadi 24. Kwa hiyo kwa lenzi ya 300 chozi anajaza robo ya upana wa picha, kwa 400 theluthi, kwa 600 nusu.

Robo inaonekana ndogo, lakini kwenye kamera ya megapikseli 24 robo ya upana ni karibu pikseli 1,500. Ukiichapisha kwa pikseli 300 kwa inchi, chozi huyo anatoka kwenye karatasi akiwa na ukubwa wake halisi, manyoya yote yakihesabika kama fokasi ilikaa sawa. Si haba.

Sasa mrudishe chozi nyuma hadi mita 12. Kila kipimo kinapungua nusu, na lenzi ya 600 inakupa kile ambacho ya 300 ilikupa kutoka mita 6. Nataka uitafakari hesabu hiyo kabla hujatoa pesa. Mita sita za kusogea taratibu, au nusu saa ya kukaa kimya karibu na mgomba mpaka chozi akuzoee, zina thamani sawa na tofauti ya bei kati ya lenzi hizo mbili. Na tofauti hiyo ni pesa nyingi.

Fanya hesabu hiyohiyo kwa ndege wengine wa kwako. Yangeyange anayefuata ng'ombe ana karibu nusu mita. Kutoka mita 15, lenzi ya 250 inampa milimita 8, tena bila jasho. Furukombe aliyetua juu ya mgunga kando ya Ziwa Naivasha, sentimita 70 kutoka mita 40, anapata milimita 7 kwa lenzi ya 400. Ukiendelea hivyo na kwezi, hondohondo, mdiria na korongo utaona namba moja inajirudia. Kwa mtu mwenye kamera ya APS-C, milimita 400 inawatosha karibu ndege wote anaoweza kuwafikia kwa heshima. Huo ndio ushauri wangu mkuu: lenga 400 nzuri, na kabla ya kwenda mbele zaidi uwe na sababu unayoweza kuitaja.

Kuhusu kamera yenyewe, yaani bodi bila lenzi, nitasema machache. Sensa ya fremu kamili ina upana wa milimita 36, na kwa lenzi ileile ndege hatakuwa mkubwa zaidi juu yake. Atazungukwa tu na nafasi tupu zaidi. Ndiyo maana mpiga picha wa ndege mwenye fedha za kupima hana haja ya kuitamani fremu kamili. Bodi za APS-C za mtumba kama Canon 7D Mark II ya 2014 au Nikon D500 ya 2016, zote zenye kupiga picha 10 kwa sekunde, zilitengenezwa kwa kazi za namna hii na bado zinafanya kazi hadi leo. Hata bodi ndogo ya kuanzia inatosha. Fedha ziende kwenye lenzi.

Baada ya urefu, angalia tundu la lenzi, lile linaloandikwa f/5.6, f/8 na kuendelea. Namba ikikua, tundu linapungua na mwanga unapungua: f/8 inaingiza nusu ya mwanga wa f/5.6, na f/11 inaingiza robo. Ndege hatulii. Hata akiwa ametua anageuza kichwa, anatikisa mkia, upepo unasukuma tawi. Kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde ndiyo ninayoanzia, na akiruka napanda hadi 1/2000. ISO ni kipimo cha wepesi wa sensa kupokea mwanga, nacho kikipanda picha huingia chengachenga. Kama kwa f/5.6 kasi hiyo inahitaji ISO 800, kwa f/11 itahitaji ISO 3200. Kwenye ufuo wa ziwa saa mbili asubuhi, jua likiwa limeshapanda, hilo si tatizo. Ndani ya msitu kama Kakamega, Amani au Arabuko-Sokoke, ambako mwanga hushuka chini vipande vipande, lenzi ya f/11 itakufanya upige picha za chengachenga tangu asubuhi hadi jioni. Mtu wa msituni anunue tundu. Mtu wa ziwani na mbugani anaweza kununua urefu.

Sasa tuje kwenye lenzi zenyewe.

Kama una kidogo sana, usisubiri. Canon EF-S 55-250mm ya STM ina gramu 375, ina kituliza mtikisiko, na inafokasi kuanzia sentimita 85, kiasi kwamba kipepeo naye haponi. Upande wa Nikon kuna AF-P DX 70-300mm ya VR, gramu 415. Ni lenzi za plastiki, na watu huzidharau kwa sababu ya wepesi wao, ilhali wepesi huo ndio utakaokufanya uzibebe kila Jumamosi. Anayeanza akiwa na yangeyange, kwarara na kwezi wa mjini atajifunza nazo yote ya msingi. Lakini kuwa macho na Canon EF 75-300mm, ambayo mara nyingi hufungwa pamoja na kamera mpya kama zawadi ya lenzi ya pili. Haina kituliza mtikisiko, na ncha yake ya 300, ambayo ndiyo pekee utakayoitumia kwa ndege, picha zake ni laini. 250 kali inaishinda 300 laini.

Ukiweza kupanda ngazi moja, kuna lenzi ninayoipenda kuliko zote kwa bei yake ya mtumba: Canon EF 400mm f/5.6L. Ilitoka mwaka 1993. Ina gramu 1,250, haina zumu, na haina kituliza mtikisiko. Kutokuwa na kituliza kunawatisha wanunuzi, na hofu hiyo ndiyo inayoishusha bei. Kituliza hutuliza mkono wako, hakimtulizi ndege. Ukiwa kwenye 1/1000 ya sekunde mkono wenyewe hauna tena madhara makubwa. Unachokipata ni ukali tangu f/5.6, fokasi ya haraka, na uzito unaoweza kuuinua juu ghafla mwewe anapopita. Ubaya wake wa kweli ni kwamba haifokasi chini ya mita 3.5. Chozi akija karibu kuliko hapo, itabidi urudi nyuma. Na msituni alfajiri, pale ambapo 1/1000 haiwezekani, utakitamani kituliza.

Anayetaka zumu na kituliza kwa uzito uleule aangalie 100-400mm za Sigma na Tamron, zote zilizotoka 2017, zote kwenye gramu 1,100 na kitu, zote zikiishia f/6.3. Na mwenye kamera mpya za Canon zisizo na kioo ana bahati ya pekee: RF 100-400mm ya 2021, gramu 635 tu, iliyozinduliwa Marekani kwa dola 650. Inaishia f/8, hiyo ndiyo kasoro yake. Lakini ukiifunga kwenye bodi ndogo kama R10 au R50, ambazo hutambua jicho la ndege na kulishika zenyewe, unakuwa na kifaa ambacho miaka kumi iliyopita mtu wa kipato cha kawaida hakuweza kukiota.

Halafu ziko zile ndefu. Tamron 150-600mm iliyoingia sokoni 2014 kwa takriban dola 1,070 ndiyo iliyofungua mlango. Kabla yake, milimita 600 yenye fokasi ya kujiendesha ilikuwa mali ya mashirika ya habari na matajiri. Sigma ikafuata na 150-600mm Contemporary, Nikon ikatoa 200-500mm f/5.6 mwaka 2015. Nyingi sasa ni mitumba, na picha zake ni nzuri kwelikweli. Lakini Tamron na Sigma hizo zinakaribia kilo 2, na Nikon inafika kilo 2.3 na pete yake ya stendi. Ongeza kamera, ongeza maji, panda mlima wa Usambara. Ninawapendekezea hizi watu wanaopiga kutoka ndani ya gari au mtumbwini. Kwenye gari huhitaji stendi: shona mfuko wa kitambaa kigumu, ujaze mchele au maharagwe kilo mbili, ulaze kwenye ukingo wa dirisha, lenzi juu yake, na uzime injini. Mfuko huo unatuliza lenzi ya 600 kuliko stendi nyingi za bei rahisi. Ukisafiri kwa ndege unaubeba mtupu na kuujaza sokoni ukifika. Mahali penye nyani, kama Nakuru, usiuache dirishani hata dakika moja.

Canon RF 600mm na 800mm za f/11, zilizotoka 2020, ni nyepesi ajabu kwa urefu wao: gramu 930 na 1,260. Tundu lake halibadiliki, limefungwa kwenye f/11. Ya 800 haifokasi chini ya mita 6. Kwa heroe na ndege wa majini kwenye mwanga mkali ni chaguo la haki kabisa, na kwa msitu si chaguo.

Kamera za kipande kimoja kama Nikon P900 na P1000, ambazo lenzi yake haibanduki na inazumu hadi kipimo kinacholingana na milimita 2,000 na 3,000, zina wapenzi wengi miongoni mwa waongoza watalii, na ninaelewa kwa nini. Ukitaka kumtambua ndege wa mbali na kuweka kumbukumbu, hakuna kitu cha bei hiyo kinachoshindana nazo. Sensa yake ni ndogo kama ya simu, hivyo mwanga ukipungua picha inachafuka, na ndege anayeruka ni vigumu kumpata. Chagua ukijua unachagua nini.

Zipo pia za kukwepa. Zile lenzi za 500mm f/8 zenye kioo ndani, na zile za 420-800mm za mkono zinazouzwa kwa bei ya viatu, karibu zote hazina fokasi ya kujiendesha, na ndege hatakungoja uzungushe pete. Vivyo hivyo vile vioo vya kuskuruu mbele ya lenzi vinavyodaiwa kuongeza urefu mara mbili. Telekonvata halisi, ile inayofungwa kati ya lenzi na kamera, ni kitu kingine, lakini ya 1.4 inakula nusu ya mwanga, na DSLR nyingi za zamani, yaani kamera zenye kioo ndani, zikifikishwa f/8 fokasi yake inakufa. Ukiwa na lenzi ya f/5.6, iache dukani.

Kabla ya kulipia, hakikisha lenzi na kamera vinaelewana, kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza hela kimyakimya. Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ndani, hivyo lenzi za zamani zenye herufi AF bila S hazitafokasi zenyewe. Lenzi za AF-P nazo hazifanyi kazi kwenye bodi za zamani kama D90, D3000 na D3100. Lenzi za RF hazifungiki kwenye DSLR yoyote ya Canon, ila kinyume chake kinawezekana: lenzi za EF hufanya kazi vizuri kwenye kamera za R kwa adapta. Ndiyo sababu nyingine ya kuiheshimu ile 400 ya 1993.

Bei ya Marekani isikudanganye. Ikifika hapa imeshabeba usafiri, ushuru, na VAT, ambayo Kenya ni asilimia 16 na Tanzania bara asilimia 18. Mpya kutoka nje mara nyingi inakuwa ghali kuliko mtumba safi ulioko mjini, na mtumba una faida moja kubwa: unaweza kuushika na kuujaribu.

Uujaribu hivi. Nenda na kamera yako, betri imejaa, kadi tupu. Fungua vifuniko vya pande zote mbili, washa tochi ya simu upande mmoja na uchungulie upande wa pili kwa mshazari. Chembe chache za vumbi hazina neno. Unachotafuta ni kuvu: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, mara nyingi zikianzia ukingoni mwa kioo. Lenzi iliyokaa miaka Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja iangalie mara mbili. Ukiona nyuzi, shukuru, rudisha, ondoka. Kuvu hula kinga ya kioo, na kuisafisha kunahitaji fundi wa kuifungua lenzi yote. Mkwaruzo mdogo wa kioo cha mbele hauna madhara makubwa kwenye picha na unaweza kukupunguzia bei. Wa kioo cha nyuma ni jambo zito.

Kisha zungusha zumu mwanzo hadi mwisho ukisikiliza kwa mkono: isiwe na mchanga, isikwame. Ifunge kwenye kamera, toka hadi mlangoni, na uiweke kwenye urefu wake wa mwisho na tundu lake kubwa kabisa. Ng'ambo ya barabara pana wakala wa M-Pesa na namba yake imeandikwa ukutani. Ipige picha namba hiyo mara kumi, kila mara ukiiharibu fokasi kwanza kwa kuelekeza kamera karibu, halafu uirudishe. Vuta picha kwenye skrini: tarakimu ziwe kali angalau mara nane. Zikiwa kali mara nne na laini mara sita, fokasi ina ugonjwa. Mwisho ngoja bodaboda anayekuja upande wako, weka fokasi ya kufuatilia, na bonyeza mfululizo hadi akupite. Lenzi inayoshindwa kumfuata bodaboda kwenye foleni haitamfuata mnandi akikata maji. Muuzaji akikataa usitoke nje na lenzi, mwachie kitambulisho au sehemu ya fedha. Akikataa na hilo, duka si hilo. Na anayekutaka utume malipo ya awali kabla hujaiona, usimtumie hata senti.

Njia bora zaidi ya kujua ni kuishi na lenzi siku mbili. Mijini wako wanaokodisha, na kukodi Jumamosi na Jumapili ni gharama ndogo ukilinganisha na majuto. Ukiwa Nairobi, nenda kwenye matembezi ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, yale ambayo Fleur Ng'weno aliyaongoza kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1970. Utakuta watu wenye lenzi za kila aina mabegani, na wapenda ndege ni watu wakarimu. Ukiomba kuijaribu ya mwenzako kwa dakika mbili, wengi watakuvulia mkanda shingoni.

Ukishaipata, toka mapema. Saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu na nusu ndizo saa zako, na tena jioni. Kuanzia saa nne hewa juu ya ardhi huanza kuchezacheza kwa joto, na ndege aliye mbali zaidi ya mita 50 atatoka kama aliyepakwa maji, hata lenzi iwe ya milioni ngapi. Wengi huirudisha lenzi dukani kwa kosa ambalo ni la jua.

Na ukaribu usiutafute kwenye kiota. Nalisema hili kwa uzito wote. Mpiga picha anayekata majani ili kiota kionekane vizuri amewafungulia mwewe na jua njia ya makinda, na mzazi anayefukuzwa mara tatu asubuhi moja anaweza asirudi. Makundi ya heroe nayo usiyarushe ili upate picha ya mabawa. Wamekuja pale kula. Kaa, jifiche nyuma ya mlango wa gari, weka beseni la maji uani kwako uone watakaokuja. Ndege aliyekuja mwenyewe anakaa zaidi, na macho yake kwenye picha yanakuwa tofauti.

Nyumbani, usiihifadhi lenzi kwenye mkoba wa ngozi wala kabatini penye giza na unyevu. Nunua ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, weka ndani chembe za silika, na lenzi iingie ikiwa kavu. Nunua chembe zinazobadilika rangi: za chungwa hugeuka kijani zikishiba unyevu, za bluu hugeuka waridi. Zikigeuka, zikaushe kwenye oveni ya moto mdogo mpaka rangi irudi, kwa chombo ambacho hutakipikia tena chakula.